Mndimu wa kibarazani na joto la kaskazi

Ukipita Barabara ya Bagamoyo, Dar es Salaam, Jumamosi asubuhi, utakuta wauza miche wameshamwagilia na majani yanang'aa. Mche unaotoka haraka kuliko yote ni mndimu mfupi ndani ya kiriba cheusi, umeshatungika ndimu tatu nne. Mnunuzi anaupenda papo hapo, anaupakia kwenye buti la gari au anaukumbatia juu ya bodaboda, na kuondoka na maelekezo mafupi: maji asubuhi na jioni. Ikifika Januari au Februari majani yanageuka manjano, yanapukutika, na mche unaishia kwenye gari la taka. Mwenyewe anasema hana mkono wa kupanda.

Mkono wake hauna hatia. Kasoro imo kwenye yale maelekezo. Asubuhi na jioni ni ratiba ya tuta la mchicha. Mti wa matunda uliofungiwa ndani ya chungu una hesabu yake, na hesabu hiyo hubadilika kwa ukubwa wa chombo, kwa upepo, kwa rangi ya ndoo, hata kwa ladha ya maji yanayotoka bombani.

Tuanze na hesabu yenyewe, maana ni nyepesi. Wataalamu wa umwagiliaji hupima maji yanayopotea hewani kwa milimita, vilevile mvua inavyopimwa. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Pwani yetu, kati ya Desemba na Machi, eneo lenye majani mabichi hupoteza kama milimita nne hadi tano kwa siku. Kwa hiyo mndimu ambao kivuli chake saa sita mchana kinafunika mita moja ya mraba unaweza kunywa lita nne hadi tano kwa siku. Sasa tazama ghala lake. Ile ndoo ya rangi ya lita 20, chombo kipenzi cha wakulima wa mjini, ikijazwa udongo mzuri huwa na lita nne au tano hivi ambazo mizizi inaweza kuzifyonza. Yanayobaki yameshikwa na chembe za udongo kwa nguvu kiasi kwamba mti hauyapati. Mti mkubwa ndani ya ndoo hiyo unamaliza akiba yote kwa siku moja, na ukiwa juu ya paa, upepo wa kaskazi ukiupiga, huenda usifike alasiri. Mche mdogo ndani ya nusu pipa, kwa upande mwingine, haumalizi hata lita moja kwa siku. Huo ukimwagiwa asubuhi na jioni, mizizi yake inakaa kwenye tope usiku na mchana mpaka inaoza.

Ratiba moja, basi, inaua miti miwili kwa njia mbili, na dalili ni moja: majani yananyong'onyea. Mizizi iliyooza haiwezi tena kuvuta maji, hivyo mti unaonekana una kiu wakati udongo wake umelowa chepechepe. Hapo ndipo miti mingi inapomaliziwa. Mtu anaona majani yamelegea, anaongeza kopo lingine.

Kipimo kizuri hakinunuliwi dukani. Ingiza kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili. Kikitoka na udongo wa ubaridi ulionata, uache mti hadi kesho. Kwa chombo kirefu chukua kijiti cha mishikaki, kizamishe karibu na ukingo hadi chini, kiache dakika chache, kisha kichomoe. Kijiti kitakuambia maji yameishia wapi, maana mara nyingi juu ni pakavu na chini ni kinamasi. Vyungu vidogo unaweza kuviinamisha kwa mkono ukapima uzito. Baada ya wiki mbili tatu mkono unazoea. Na majani yakinyong'onyea saa nane mchana, kabla ya kushika ndoo, yaangalie tena jua likizama. Yakiwa yamesimama, lilikuwa joto tu, na mti ulifunga vinyweleo vyake kujilinda.

Ukifika wakati wa kumwagilia, mwagilia kweli. Kikombe kimoja kila asubuhi ni mazoea mabaya: kinalowesha sentimita chache za juu, na mizizi hupanda kuyafuata maji huko huko juu kwenye joto kali. Mimina taratibu, chungu chote kilowe, mpaka maji yatiririke kwenye matundu ya chini. Kisha subiri udongo ukauke kiasi kabla ya kurudia. Upo mtego mmoja lakini. Udongo uliokauka sana, hasa wenye mbolea nyingi ya mboji au usumba, hukataa maji. Husinyaa ukaachana na ukuta wa chungu, na maji yakimwagwa yanapita kwenye ule ufa pembeni na kutokea chini baada ya sekunde chache. Mwenye mti anaona yametoka anajua kazi imekwisha, wakati katikati ya chungu ni vumbi. Chungu cha namna hiyo kikalishe ndani ya beseni la maji mpaka viputo viishe kutoka, kama nusu saa, kisha kitoe kichuje.

Nimewasikia watu wazima wakikatazana kumwagilia mchana, eti matone hugeuka lenzi na kuunguza majani. Mwaka 2010 watafiti wa Hungaria walilichunguza jambo hili na kuona kuwa matone juu ya majani laini hayaunguzi. Wasiwasi ulibaki kwa majani yenye manyoya tu, ambayo huliinua tone juu ya ngozi ya jani. Mndimu hauna manyoya. Asubuhi inabaki kuwa wakati mzuri kwa sababu nyingine: chungu kinaingia kwenye joto kikiwa kimejaa, na maji machache yanapotea hewani. Lakini ukiukuta mti umekauka kweli saa nane mchana, usiungoje jioni kwa heshima ya imani hiyo. Kitu cha kuogopa mchana ni mpira wa maji uliolala juani. Maji ya kwanza yanayotoka humo yanaweza kuwa ya moto wa kuunguza mkono, na hayo yaache yaishie kwenye ndoo kwanza.

Moto huo huo umo ndani ya chungu, na hapa ndipo watu wengi hawatazami. Mti uliopandwa ardhini una mizizi iliyojificha kwenye udongo mpana uliopoa. Wa chunguni mizizi yake imegusana na ukuta wa plastiki, na plastiki nyeusi iliyopigwa na jua la alasiri huupandisha udongo wa pembeni hadi nyuzi 45 za Selsiasi na zaidi. Mizizi ya jamii ya michungwa huanza kugoma joto likipita nyuzi 36 au 37 hivi. Siku utakayouhamisha mti kutoka kwenye ndoo nyeusi iliyokaa barazani, tazama lile donge la udongo vizuri. Upande ulioelekea ukuta wa nyumba utakuta mizizi myeupe imesokotana. Upande wa magharibi, uliotazama jua, ni mizizi ya kahawia, mikavu, inayokatika kwa kidole. Nusu ya mti ilikuwa inafanya kazi ya mti mzima, na hakuna kiasi cha maji kingeirudisha ile nusu nyingine.

Dawa yake ni rahisi mno kiasi kwamba watu huidharau. Paka chungu chokaa nje. Mfuko mdogo wa chokaa unatosha vyungu vya nyumba nzima, na rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya jua lilikotoka. Au ingiza ndoo ndani ya chombo kikubwa zaidi ili pabaki nafasi ya hewa katikati. Au panga vyungu vikaribiane, vile vidogo vikae upande wa magharibi wa vikubwa, sivyo kinyume. Kinachohitaji kivuli ni chungu. Mti wenyewe unataka jua, walau saa sita kwa siku, la sivyo utapata majani mengi na tunda hakuna. Chombo kisikae moja kwa moja juu ya saruji au vigae. Matofali mawili chini yake yanaruhusu hewa kupita na maji kutoka. Chungu cha udongo wa kufinyanga kina faida ya kupumua kwa kuta zake, na mvuke unaotoka huipoza mizizi iliyo ndani, ila kwa sababu hiyo hiyo kinakauka mapema kuliko plastiki. Asiyekuwepo nyumbani mchana heri plastiki iliyopakwa chokaa.

Juu ya udongo tandaza kitu: nyasi kavu, maranda, makapi ya mpunga, au makumbi ya nazi yaliyochambuliwa. Matandazo ya vidole vitatu hupunguza sana maji yanayopotea, mradi yasiegemee shina, maana shina lililofunikwa huoza gome. Kuhusu makumbi kuna tahadhari ya kipwani. Unguja na Pemba kina mama huyafukia makumbi ufukweni miezi kadhaa yalainike, ndipo wayapige kupata usumba wa kusokota kamba. Usumba wa namna hiyo umeshiba maji ya bahari. Ukiupata kwa bei ya chee, uoshe kwa maji ya mvua mara kadhaa kabla haujaugusa mti, ama sivyo utakuwa umeuwekea mndimu wako chumvi ya mezani.

Na chumvi ndiyo habari kubwa kuliko zote mjini hapa. Dar es Salaam hutegemea Mto Ruvu kwa sehemu kubwa ya maji yake, na mto ukipungua, kama ilivyotokea Oktoba 2022 mgao ulipotangazwa, mitaa hurudi kwenye visima. Visima vingi vya maeneo yaliyo karibu na bahari vina maji ya chumvi. Mtu huyaoga, huyafulia, hunung'unika kidogo kuhusu sabuni isiyotoa povu, na kwa kuwa si ya kunywa, humimina yaliyobaki kwenye vyungu. Chukua kisima chenye gramu moja tu ya chumvi kwa lita, ambayo ulimi uliozoea haushtuki. Mti unaokunywa lita tatu kwa siku utakuwa umeletewa gramu tatu. Maji huondoka kupitia majani. Chumvi haina pa kwenda. Ndani ya mwezi ni gramu 90, karibu robo tatu ya kikombe kidogo cha kahawa, zimekaa ndani ya ndoo moja.

Dalili zake zinajulikana ukishaelekezwa. Ncha za majani huungua na kuwa kahawia, kuanzia majani ya zamani, kisha ukingo wote. Ukungu mweupe hujitokeza juu ya udongo na kwenye kuta za chungu cha udongo. Mti hunyong'onyea hata ukiwa na maji, kwa sababu maji yenye chumvi nyingi hayavutiki. Jamii ya michungwa, ndimu na limau zikiwemo, ni dhaifu mbele ya chumvi. Mkomamanga na mtini huvumilia zaidi, na mtende ni bingwa wao. Kwa hiyo anayeishi Mbezi au Kigamboni na hana maji mengine ila ya kisima chake, ushauri wangu ni asijitese na mchungwa. Apande komamanga.

Aliyekwisha kupanda ndimu ana njia mbili. Ya kwanza ni kusuuza: kila baada ya wiki chache mimina maji mengi, kiasi cha mara mbili ya ujazo wa chungu, yapite na kutoka chini yakibeba chumvi. Kwa hili masika ni neema isiyolipiwa, hivyo vyungu vilivyojificha chini ya paa vitoe nje vinyeshewe. Ya pili ni kutafuta maji yasiyo na chumvi. Paa la mita 50 za mraba likipata mvua ya milimita 10 hukusanya karibu lita 500, ukiondoa zinazorukia pembeni. Lakini kuna chanzo kingine ambacho huwa kinadondoka ukutani mbele ya macho yetu: kiyoyozi. Maji yake ni mvuke wa hewa uliopozwa ukageuka maji, hayana chumvi hata kidogo, na kwa unyevu wa Dar, Tanga au Mombasa, kiyoyozi kimoja kikifanya kazi usiku kucha hutoa lita kadhaa. Hayafai kunywa, lakini mndimu utayashangilia. Ofisi nyingi za mjini humwaga kila siku maji ya kutosha bustani nzima ya ndimu, tena yanawadondokea wapita njia vichwani.

Maji ya kuoshea mchele hayana neno. Ya kufulia kwa sabuni ya unga yaepuke, yana sodiamu.

Watu huulizia mbolea kabla ya kuulizia maji, nami nimeiweka nyuma makusudi. Mti wa chunguni unaihitaji kweli, kwa kuwa kila maji yanapotoka chini yanaondoka na chakula. Samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, viganja viwili kila miezi mitatu, pamoja na NPK kijiko cha chai kimoja kwa ndoo ya lita 20 kila mwezi wakati wa kuchipua, inatosha. Usiweke kwenye udongo mkavu. Ukiona majani machanga ya manjano yenye mishipa ya kijani, urea haitasaidia. Hiyo ni njaa ya madini ya chuma au zinki, na ni ya kawaida palipo na mawe ya matumbawe, Unguja na ukanda wa Kunduchi hadi Wazo, ambako maji na udongo vimejaa chokaa na madini hayo hufungika. Nyunyizia majani busta yenye chuma na zinki. Chokaa niliyoisifu hapo juu ibaki nje ya chungu.

Kuna imani nyingine ninayotaka kuipunguza: kokoto chini ya chungu. Karibu kila fundi wa bustani huziweka, akisema zinasaidia maji kutoka. Kwa kweli maji hayapendi kuhama kutoka kwenye udongo wenye vinafasi vidogo kwenda kwenye kokoto zenye nafasi kubwa, mpaka udongo ulowe kabisa. Lile tabaka la tope ambalo kwa kawaida hukaa chini kabisa linapandishwa juu, karibu na mizizi, na chungu kimepungua kina. Kipande cha neti juu ya tundu kuzuia udongo usivuje kinatosha. Kama maji hayapiti, tatizo ni udongo: changanya mchanga wa mtoni ulio mzito, mboji na makapi ya mpunga, na usichote udongo wa mfinyanzi wa uwanjani.

Kisahani cha chini nacho kina kesi yake, na hii ni ya afya kuliko kilimo. Mbu aina ya Aedes, anayeuma mchana na kueneza homa ya dengue, hupenda maji machache yaliyotulia karibu na watu. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019. Katika joto letu yai hufika kuwa mbu kwa siku saba hadi kumi, na mayai yaliyogandamana ukingoni huweza kukaa makavu miezi kadhaa yakisubiri maji. Kumwaga kisahani bila kukisugua ni nusu ya kazi. Mimi naona afadhali visahani viondolewe kabisa, barazani palowe kidogo.

Wadudu nitawapitia haraka. Kiwavi anayefanana na kinyesi cha ndege juu ya jani la mndimu ni mtoto wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano; mtoe kwa mkono. Ukiona sisimizi wakipanda na kushuka shinani kutwa, wanawachunga vidung'ata kwa ajili ya utamu wao, kwa hiyo osha majani kwa maji yenye sabuni ya kipande kidogo, kisha suuza.

Ndugu zetu walioko Muscat wana kazi hii kwa miezi tofauti na kwa ukali zaidi. Huko joto la Juni na Julai hupita nyuzi 40, usiku nao haupoi, na tangi la juu ya paa hutoa maji ya moto hata kwa bomba la baridi. Wenyeji huzima hita ya bafuni na kuitumia kama tangi la maji baridi, kwa kuwa imo ndani ya nyumba. Maji ya mndimu yachotwe mapema yakalale ndani.

Kwetu mtihani mkubwa huja mwishoni mwa Desemba, pale nusu ya mtaa inapopanda mabasi kwenda Moshi, Bukoba au Mbeya, na kaskazi imeshika. Kabla ya safari vikusanye vyungu vyote upande wa mashariki wa nyumba, vibanane, vilowe mpaka chini, viwekewe matandazo. Chupa ya maji ya lita 1.5 iliyotobolewa kifuniko kwa sindano na kuchomekwa kichwa chini itasaidia siku mbili tatu. Kilicho bora ni mtungi mdogo usiopakwa rangi, uliofukiwa hadi shingoni ndani ya nusu pipa na kujazwa maji. Hupenyeza taratibu kwa kadiri udongo unavyokauka. Wachina waliandika juu ya mbinu hii zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na wafinyanzi wetu bado wapo.

Ukirudi ukakuta mti hauna jani, usikimbilie mbolea. Kwaruza gome kwa ukucha. Chini yake pakiwa kijani, mti u hai. Ulowe kwenye beseni, uweke kivulini wiki moja, kisha usubiri machipukizi. Yakitokeza, angalia yametokea wapi. Mche wa kubebesha umeungwa juu ya shina la mti mwingine, mara nyingi mlimau wa porini, na kovu la maungio huonekana kiganja kimoja au viwili juu ya udongo. Machipukizi ya juu ya kovu yaache. Ya chini yake yakate siku hiyo hiyo, maana ni ya ule mlimau, na yana nguvu kuliko mwenyeji wake. Ukiyaonea huruma utakuja kuchuma malimau yenye ngozi ya mikunjo na maji kidogo, ukijiuliza mndimu ulioununua Barabara ya Bagamoyo ulikwenda wapi.